Maswali yenu: Likizo imeisha na mtoto hataki chupa

Wiki hizi mbili meseji zenu zimekuwa za wazazi wanaorudi kazini tu, sijui mlipanga kujifungua pamoja au vipi. Nimechukua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ukiichambua unakuta maswali ya watu kumi mle ndani, zingine nimejibu kwa kadiri ilivyohitajika, na kuna moja ni fupi lakini mwenye nayo namuomba asome jibu leo leo asisubiri wikiendi.

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni mama wa mtoto mmoja, wa kwanza, ana miezi mitatu na wiki tatu. Narudi kazini wiki tatu zijazo na nshaanza kuchanganyikiwa. Mtoto hataki chupa kabisaaa, nimebadilisha chupa aina tatu, anaisukuma na ulimi analia mpaka anakosa pumzi. Alafu nikikamua napata kidogo mno, jana nimekaa na pampu dakika 25 matiti yote mawili nikapata mililita 60 nikaanza kulia, maana rafiki yangu ananitumia picha za friza yake imejaa vifuko vya maziwa. Nahisi yangu yameisha. Kutoka nyumbani mpaka kurudi ni masaa tisa. Mume wangu kila nikimwambia anasema atazoea tu. Nisaidie kabla sijaandika barua ya kuacha kazi. *Mama wa wiki tatu zilizobaki*

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hiyo barua ya kuacha kazi iache kwanza, njoo tupige hesabu.

Hizo mililita 60. Ulikamua saa ngapi? Hujasema, lakini nina uhakika ilikuwa baada ya mtoto kunyonya au katikati ya zamu mbili za kunyonya, na kama ni hivo basi 60 ni kawaida kabisa, hayo ni mabaki ya sahani ya mtu aliyeshiba. Pampu haijawahi kuwa mtoto. Mtoto ana joto, ana harufu, ana mdomo unaojua kazi yake, pampu ina mota tu, kwa hiyo ulichokikamua hakikuambii titi lina kiasi gani. Kinachokuambia ni mtoto mwenyewe, kama analowesha nepi sita au zaidi kwa siku na kliniki uzito unapanda basi maziwa yapo, na huyo rafiki yako umwambie kwa upendo apumzike kidogo na hizo picha.

Sasa masaa tisa. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita anayenyonya maziwa ya mama peke yake, kwa wastani anakunywa kama mililita 750 kwa masaa 24, wengine wako kwenye mia sita wengine wanafika mia tisa. Gawanya kwa 24 unapata kama 30 kwa saa. Zidisha mara tisa, 270. Weka na ziada kidogo kwa siku ya njaa, tuseme 350. Yaani ni vipimo vitatu vya mililita 90 na kimoja kidogo cha akiba. Hicho ndo unachotakiwa kuwa nacho asubuhi ya siku ya kwanza, siyo friza zima! Kwa sababu utakachokamua kazini siku ya kwanza ndo atakunywa siku ya pili, na cha siku ya pili ndo cha siku ya tatu, mzunguko unajiendesha wenyewe. Friza iliyojaa ni raha ya macho tu. Wewe tafuta ya siku moja na akiba ya kama siku moja nyingine, basi.

Wiki tatu zinatosha kwa hilo. Chagua muda mmoja maalumu wa asubuhi, maana wengi matiti yanajaa zaidi asubuhi, mtoto akishanyonya ya kwanza subiri kidogo kisha kamua kila siku saa ileile hata kama yanatoka kijiko. Siku tatu za kwanza utasikitika. Usiache. Maziwa yanafuata anayeyaita, mwili ukishaelewa kwamba saa hiyo kuna mteja wa pili utaanza kuandaa. Angalia pia kile kikombe cha pampu kinachokaa kwenye titi, kama chuchu inasuguana na ukuta wake au inavuta na ngozi nyeusi ya pembeni nyingi basi saizi siyo yako na utaumia bure. Jifunze na kukamua kwa mkono, siku pampu imeisha chaji utanikumbuka.

Kuhifadhi, sikiliza vizuri maana hapa ndo watu wanamwaga maziwa mazima au wanampa mtoto yaliyoharibika. Yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa masaa manne mezani kama chumba hakizidi nyuzi 25, kama kwenu kuna joto zaidi ya hapo usiyaache nje, yapeleke kwenye ubaridi mapema. Kwenye friji siku nne, na uyaweke kule ndani nyuma siyo kwenye mlango unaofunguliwa kila dakika. Kwenye friza ubora mzuri ni mpaka miezi sita. Ukiyatoa kwenye friza yakayeyuka ndani ya friji tumia ndani ya masaa 24 na usiyagandishe tena, na yale aliyobakiza baada ya kunywa yatumike ndani ya masaa mawili, yakizidi yamwage ingawa inauma jamani, najua inauma. Andika tarehe kila kifuko, jaza kidogokidogo 60 mpaka 90 ili usiyeyushe mengi kwa ajili ya kamtoto alikotaka kuonja tu. Kupasha ni kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, siyo maikrowevu, maikrowevu inapasha kwa madoa unakuta juu pako sawa katikati panaunguza ulimi. Na yakitoka kwenye ubaridi yamejigawa mafuta juu maji chini, hayajaharibika, zungusha taratibu yatachanganyika.

Kutoka kazini mpaka nyumbani beba kwenye begi dogo la ubaridi lenye vibarafu, yanakaa salama mpaka masaa 24.

Haya sasa chupa. Hapa nina la kusema kwa sababu wa kwangu wa pili alinifanyia hivihivi, alinitazama kama vile nimemletea dawa ya minyoo. Kosa langu lilikuwa nilikuwa nampa mimi mwenyewe. Mtoto siyo mjinga, yuko kifuani kwa mama, anasikia harufu ya kitu halisi sentimita kumi kutoka puani, alafu unamuwekea mpira mdomoni, angekubali ningemshangaa. Kwa hiyo kwanza wewe toka. Siyo uende chumbani, toka kabisa nje ya nyumba, kazunguke nusu saa. Baba yake au yule atakayebaki naye ndo ajaribu. Pili wajaribu mtoto akiwa hajafika kwenye njaa ya kilio, akiwa ametoka kuamka yuko mtulivu, mtoto mwenye njaa kali hana moyo wa kujifunza kitu kipya kama ambavyo na wewe ukiwa na njaa huwezi kusoma maelekezo. Tatu, asisukumiwe. Chupa iguse mdomo wa juu, tone moja lidondoke, yeye mwenyewe afungue. Akae wima kidogo, chupa ilazwe karibu usawa siyo kumiminiwa, na apewe kupumzika katikati kila baada ya mafunda kadhaa ili anywe kwa mwendo wake kama anavyonyonya. Chuchu ya chupa iwe ile ya mwendo wa polepole. Dakika kumi, akikataa waache, wajaribu tena kesho. Vita ya nusu saa inamfundisha tu kwamba chupa ni kitu kibaya.

Na kuna kitu watu hawaambiwi, chupa siyo lazima! Kikombe kidogo kinatosha. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza kikombe kwa miaka mingi, na ni rahisi kukisafisha kuliko hayo machupa yenye kona. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe ukae kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye mdomo asimiminiwe, yeye atatoa ulimi aanze kulamba na baadae kunywa. Mwanzoni yanamwagika mpaka nguo ya mlezi, weka kitambaa. Wa kwangu alikubali kikombe kwa jirani yangu siku ya tatu, chupa hakuwahi kuigusa mpaka leo ana akili zake timamu yuko shule.

Akikataa vyote siku ya kwanza kazini usife moyo. Wapo watoto wanaokunywa kidogo tu mchana wanalala sana, alafu mama akirudi wananyonya kama wanalipiza, usiku mara nne tano. Inachosha lakini siyo ugonjwa, mtoto amehamisha ratiba tu. Ukiona nepi ni chache sana, amelegea, haamki vizuri, hapo ndo unaenda hospitali bila kujadiliana.

Kazini kamua kila baada ya kama masaa matatu, kwa siku yako ni mara mbili hadi tatu. Usijidanganye eti leo niko bize nitakamua jioni. Titi likijaa bila kutolewa linaanza kuvimba, linakuwa jiwe, linakuwa na joto, alafu homa na mwili unauma kama malaria, na maziwa nayo yanaanza kupungua maana mwili unadhani mteja kahama. Ikifika huko endelea kunyonyesha, usiache titi hilo, weka kitu cha baridi, na kama ndani ya siku moja hujapata nafuu au homa iko juu muone daktari.

Kwa hiyo ongea na bosi KABLA hujarudi, siyo asubuhi ile unaingia na begi la pampu begani. Mwandikie. Sema narudi tarehe fulani, nitahitaji dakika kadhaa mara mbili au tatu kwa siku, nahitaji chumba chenye mlango unaofungwa na soketi, na mahali pa ubaridi. Choo siyo mahali pa kukamulia chakula cha mtu, hata bosi mwenyewe hali kule. Usiombe kama mtu anayeomba hisani, kuna Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unaosema mama anayenyonyesha apewe mapumziko ya kunyonyesha kila siku au apunguziwe masaa, na muda huo uhesabike kama wa kazi na ulipwe. Mkataba huo huo ndo umeweka likizo ya uzazi isipungue wiki 14. Siyo nchi zote zimeuridhia na kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo soma ya kwenu na mkataba wako wa kazi, lakini ukishajua kwamba kitu hiki kimeandikwa mahali hata sauti yako inabadilika ukiongea.

Kama unaweza kuchagua siku ya kurudi, rudi Alhamisi. Usianze Jumatatu, utajikuta Jumatano umelala juu ya kibodi. Alhamisi na Ijumaa, alafu wikiendi mnahesabu majeruhi mnarekebisha. Na wiki moja kabla fanyeni mazoezi, amka saa ile, vaa, mkabidhi mtoto kwa atakayebaki naye, ondoka masaa mawili, siku inayofuata manne. Utagundua vitu vya ajabu, kwa mfano kwamba kumvalisha tu kunachukua dakika 20 na mara zote atacheua mkiwa mlangoni.

Mume wako na hiyo "atazoea tu". Ni kweli atazoea, ila kuna mtu ataifanya hiyo kazi ya kumzoesha na sioni kwenye barua yako mtu mwingine zaidi yako. Mpe zamu ya chupa kuanzia kesho jioni. Wewe toka nje. Na asome jibu linalofuata.

SWALI: Dada mimi ni baba, mtoto ana miezi sita, mke wangu amerudi kazini mwezi wa pili sasa. Namsaidia sana tofauti na wanaume wengi, nabadilisha nepi, namuogesha mtoto, akiniambia chochote nafanya. Lakini kila siku ananiambia amechoka na kwamba yuko peke yake. Juzi tumegombana kisa nimemuuliza nguo za mtoto ziko wapi. Nguo tu! Nimekosea wapi? *Baba anayejitahidi*

JIBU: Shemeji, nimekupenda kwa kuandika, wengi wangeenda kulalamika kwa washkaji. Lakini irudie barua yako uisome tena. "Namsaidia." "Akiniambia." Kusaidia ni kwa mgeni aliyekuta mama mwenye nyumba anaosha vyombo akasema ngoja nikusaidie. Wewe hujaja kutembea hapo.

Nguo haikuwa nguo. Mkeo anatembea na orodha kichwani ambayo haina kitufe cha kuzima. Chanjo inayofuata ni lini, nepi zimebaki ngapi, ile dawa ya homa imeisha muda au bado, nguo za miezi mitatu hazimtoshi tena zitolewe kabatini, mlezi aliomba ruhusa Ijumaa nani atabaki, kucha za mtoto ndefu anajikwaruza, maziwa ya kesho yametolewa kwenye friza? Hayo yote anayawaza akiwa kwenye kikao huku bosi anamuuliza ripoti. Wewe ukimuuliza nguo ziko wapi, kwenye nyumba unayolala kila siku, mtoto akiwa wako kwa miezi sita, anasikia kwamba hata ile kazi uliyoichukua bado ya kufikiria ni yake.

Jipe mtihani. Mkeo kesho asubuhi anasafiri siku mbili na simu yake imezima. Utajua kipimajoto kiko wapi? Saizi ya nepi? Anapolala mchana anashikwa vipi mpaka asinzie? Namba ya kliniki? Ukipata nusu basi nitaomba radhi hadharani kwenye ukurasa huu.

Dawa yake siyo kuongeza idadi ya vitu "unavyosaidia". Chukua kitu kizima, kutoka kukiwaza mpaka kukimaliza, ili mkeo aweze kukisahau moja kwa moja. Mfano chukua kliniki na chanjo zote, kadi ikae kwako, tarehe ziwe kwenye simu yako, ruhusa ya kazini uombe wewe. Au chukua nguo zote, kufua, kupanga, kujua zipi zimekuwa ndogo. Mwanzoni utakosea, utanunua saizi isiyo yake, na mkeo atatamani kukurekebisha (dada na wewe ukisoma hapa mdomo ufunge, akinunua saizi kubwa mtoto atakua). Kosa lako wewe mwenyewe ndo litakufundisha kuliko orodha aliyokuandikia.

Usiku je? Hujagusa usiku kwenye barua na nadhani najua kwanini. Kama mkeo bado ananyonyesha huwezi kunyonyesha wewe, sawa, lakini unaweza kuamka ukamleta mtoto, ukambadilisha, ukamlaza baada ya kunyonya. Mgawane usiku vipande viwili ili kila mmoja apate angalau masaa manne matano ya mfululizo, huo mfululizo ndo unaomrudisha mtu akili kuliko masaa manane ya vipandevipande. Ila akilala na mtoto kwenye kochi huku amechoka muamshe, kwenye kochi ni mahali hatari sana pa kusinzia na mtoto kifuani, na hilo ni kwako pia.

SWALI: Shikamoo. Mtoto wangu wa miezi mitatu na nusu anabaki na mama mkwe nikienda kazini. Ni mama mzuri sana na anampenda, hanichaji kitu, lakini anampa maji ya kunywa kwa kijiko anasema kuna joto, na anamlaza kifudifudi eti ndo analala sana. Nikimwambia anasema amelea watoto watano wote wako hai. Naogopa kumkosea heshima. *Mkwe mwoga*

JIBU: Marahaba. Usiogope, hapo hakuna mtu mbaya, kuna miaka imepita tu.

Mama mkwe wako hakudanganya na wala hakubuni. Zamani kweli wazazi kwenye nchi nyingi waliambiwa, tena na madaktari, kwamba mtoto alale kifudifudi asije akapaliwa akicheua. Baadae utafiti ukaonyesha vifo vya ghafla vya watoto usingizini viko juu zaidi kwa wanaolala hivo, ndo Uingereza wakaanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani ikafuata 1994, na vifo hivo vikashuka sana. Kwa hiyo yeye alilea kwa maelekezo ya wakati wake. Mwambie hivo hivo. "Mama ushauri umebadilika, hata madaktari wenyewe walikuwa wanasema hivo kisha wakabadilisha" ni maneno tofauti kabisa na "mama unakosea". Chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku, kwenye godoro gumu lililo sawa bila mito wala blanketi nzito karibu na uso. Kifudifudi acheze akiwa macho na mtu anamuangalia, hiyo ni nzuri tena inamkaza shingo, mpe mama mkwe kazi hiyo afurahi.

Maji hapana. Mpaka miezi sita maziwa ya mama yanatosha hata kwenye joto, sehemu kubwa ya maziwa yenyewe ni maji. Ukimjaza tumbo dogo maji anakosa nafasi ya maziwa, na maji yasiyo salama yanaleta kuhara. Mtoto akionekana ana kiu aongezewe maziwa uliyoyakamua.

Na njia rahisi kuliko zote, kliniki ijayo nenda naye. Muulize nesi maswali hayo mbele yake kana kwamba wewe ndo hujui. Nesi atasema, mama mkwe atasikia, na wewe hutakuwa umesema neno. Ujanja? Ndio, ujanja wa amani. Ila kama baada ya hapo bado anamlaza kifudifudi basi mwenye kuongea ni mwanae, yaani mume wako, kwa mama yake, siyo wewe.

SWALI: Mtoto miezi tisa alikuwa hana shida nikiondoka, sasa wiki mbili hizi akiniona nimeshika begi analia kama namtupa. Nimeanza kutokea mlango wa nyuma kimyakimya. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, ingawa nakuelewa, nishatoka hata kwa dirisha mimi (utani… nusu utani). Mtoto wa umri huo ameshaelewa kwamba wewe upo hata asipokuona, ila hajaelewa kwamba kila ukiondoka unarudi, na hicho kilio ni cha huo ujuzi uliofika nusu. Kwa wengi kinaanza kwenye miezi nane hivi, kinakuwa kikali karibu na mwaka, kisha kinapoa taratibu. Ukitoroka anajifunza kwamba mama anaweza kupotea muda wowote, kwa hiyo ataanza kukuganda hata ukienda kuoga.

Muage. Kifupi, kwa maneno yaleyale kila siku, busu, "mama anaenda kazini atarudi jioni", geuka ondoka, usirudi kuchungulia maana ukirudi unaanza kilio upya. Mpigie mlezi baada ya dakika kumi utasikia anacheza. Nyumbani mchezeshe ule mchezo wa kujificha uso na kitambaa na kutokea, unaonekana wa kitoto lakini ndo somo lenyewe.

SWALI: Mtoto ana miezi saba. Nimerudi kazini wiki ya tatu. Nalia chooni kila siku, silali hata mtoto akilala, sisikii chochote nikimshika. Wakati mwingine nawaza wangekuwa salama zaidi bila mimi. Labda nimechoka tu?

JIBU: Dada yangu huu siyo uchovu tu na siyo udhaifu wako. Sonona baada ya kujifungua inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, siyo zile wiki za mwanzo peke yake, na Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa hiyo sonona. Inatibika. Lakini hilo wazo la "bila mimi" ndo linanifanya nikuambie leo. Leo mwambie mtu mmoja aliye karibu maneno hayohayo uliyoniandikia, muonyeshe meseji kama mdomo hautoki, na akupeleke hospitali leo, mwambie daktari wazo hilo pia usilifiche. Usibaki peke yako mpaka uonwe. Ripoti ya ofisini itasubiri. Ukishatoka huko niandikie hata neno moja.

SWALI: Swali langu la aibu kidogo. Nimerudi kazini wiki iliyopita nikitegemea nitalia, lakini nilipokaa kwenye kiti changu nikafungua kompyuta hakuna aliyenivuta nywele nilifurahi mpaka nikajishtukia. Je mimi ni mama mbaya?

JIBU: Hapana. Furahi tena kesho.

Ila weka blauzi ya akiba kwenye droo, na vile vitambaa vya kuweka ndani ya sidiria, maana siku utasikia mtoto wa mteja analia pale mapokezi maziwa yatatoka yenyewe bila kukuomba ruhusa, na mara nyingi inakuwa siku uliyovaa hariri.